Kabati Langu la Zamani

Mwanzoni mwa Septemba 2023, kabla mgao wa umeme haujawa mazungumzo ya kila daladala, nilimuuzia jirani yangu kabati la nguo kwa shilingi 40,000. Lilikuwa la plaiwudi, bawaba moja imelegea, ubao wa nyuma umeshaonjwa na mchwa. Nilikuwa nimepanga chumba Tandika, wilaya ya Temeke, mwaka wa pili wa shahada ya uzamili, na chumba chenyewe kilitosha kitanda, meza na vitabu vya watu. Kabati lilikuwa anasa. Jirani, kijana wa rika langu aliyemaliza chuo na kubaki anahangaika na vibarua vya kompyuta, alilibeba mwenyewe mgongoni kuvuka korido. Alisema ni la nguo. Mtu akinunua kabati la nguo unamuuliza nini zaidi?

Wiki chache baadaye mwanga ulianza kuonekana chini ya mlango wake usiku kucha, mweupe usiokuwa wa televisheni. Kulikuwa pia na mvumo mdogo, kama wa jokofu lililochoka. Nyumba nzima ilitumia mita moja ya LUKU. Kila chumba kilichanga kiasi chake, mwenye friji anaongeza. Yuniti zikaanza kuisha kabla ya siku zake na korido ikaanza kununiana. Mama wa chumba cha kwanza alimshuku binti wa pasi. Binti wa pasi alimshuku mwenye friji. Mimi, Mungu anisamehe, nilimshuku mama wa chumba cha kwanza.

Kisha mgao ukaja kweli. Siku moja umeme ulikatika saa 3 asubuhi, na ilipofika saa 7 mchana jirani akabisha hodi.

"Dada, una feni ya kuchaji? Naomba uniazime. Joto limezidi."

Nilikuwa nayo. Nikamfuata nayo hadi mlangoni, na kwa kuwa mikono yake ilikuwa inatetemeka, nikaingia kumsaidia kuiwasha. Kabati langu la zamani lilikuwa wazi. Ndani limebandikwa karatasi za fedha zile za kufungia chakula, balbu zimening'inia, na chini kuna ndoo nne za rangi zilizokatwa, kila moja na mche wake. Jani lile nililijua kabla sijawahi kuliona likiwa hai, maana limechorwa ukutani kwenye vijiwe vya nusu ya Temeke, pembeni ya uso wa Bob Marley.

Sikupiga kelele. Yeye naye hakukana. Alianza kunieleza, kwa fahari ile ya fundi aliyekosa mtu wa kumwonyesha kazi yake: feni iliyong'olewa kwenye kompyuta mbovu ndiyo inavuta hewa ya moto juu, hewa mpya inaingilia chini, na harufu eti inanaswa na mkaa wa kupikia alioponda akautia ndani ya soksi. Tundu la feni alilitoboa juu ya kabati kwa kisu cha jikoni, la duara, safi kabisa. Nikakumbuka kwamba mwaka mzima nililokaa na kabati hilo nguo zangu zilinuka uvundo kwa kukosa tundu kama hilo.

Ni wakati huo huo nilikuwa naandika tasnifu kuhusu nyumba za kupanga za Temeke tangu Vita ya Pili ya Dunia, na nusu ya nyaraka nilizokuwa nasoma zilihusu hewa. Kwa hiyo usiku ule sikulala. Niliogopa polisi, hilo halina ubishi. Lakini pia nilijiuliza swali ambalo mwanahistoria hawezi kuliacha: mmea huu umekaa juani katika nchi hii kwa karne kadhaa. Nani aliuingiza kabatini?

*

Neno lenyewe lilifika kwa bahari. Bangi ni ndugu wa *bhang* ya Wahindi na *bang* ya Waajemi, na lilipita njia ileile ya pepo za kaskazi iliyoleta maneno mengi ya dukani na ya jikoni. Mmea si wa asili ya Afrika, ulitoka Asia. Lakini ulikuwa umeshazoea bara hili zamani: vichwa vya viko vilivyochimbuliwa kwenye pango la Lalibela nchini Ethiopia, vya karne ya 14, vilipopimwa vilikutwa na masalia yake. Mreno João dos Santos, mtawa aliyeishi pwani ya kusini mwa kwetu mwishoni mwa karne ya 16, aliandika habari za watu waliokula majani yake. Richard Burton aliyeondoka Kaole, jirani na Bagamoyo, mwaka 1857 kwenda kutafuta maziwa makuu, alikuta bangi njiani ikiwa imeoteshwa karibu na nyumba za watu na ikivutwa kwa kiko cha kibuyu chenye maji. Burton alikuwa mtu wa dharau nyingi na karibu kila ukurasa wake unaudhi, ila katika hili dharau yake inasaidia: anaandika habari za bangi kama anavyoandika habari za mihogo. Ilikuwa inaonekana. Hakuna aliyekuwa anaificha.

Mtu ninayempenda zaidi katika hadithi hii, kwa maana ya kupenda kumchunguza, ni Hermann von Wissmann. Wengi wetu tunamjua kama Mjerumani aliyekuja kuzima vita vya Abushiri kwenye pwani yetu. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Kabla ya hapo, katika safari zake za miaka ya 1880 huko Kasai, Kongo, alikaa na watu wa mfalme Kalamba Mukenge waliojiita Bena Riamba, yaani wana wa bangi. Walikuwa wamejenga utaratibu mzima wa dini na siasa juu ya mmea huo. Walivuta pamoja uwanjani kwa vibuyu vikubwa, waliacha pombe, walichoma hirizi zao za zamani, na Wissmann anaandika kwamba hata mkosaji aliadhibiwa kwa kuvutishwa bangi mpaka aanguke. Aliwasifu. Alisema ni watu wa amani na wakarimu kuliko majirani zao, na ukweli ni kwamba walikuwa wakarimu kwake, maana urafiki huo ulimfaa Kalamba kibiashara.

Huyohuyo Wissmann akawa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1895. Mwaka 1909 akasimamishiwa sanamu Dar es Salaam. Waingereza walipouteka mji waliing'oa, ikapelekwa London, kisha Hamburg, ambako ilisimama kwenye chuo kikuu tangu 1922 hadi wanafunzi walipoiangusha mwishoni mwa miaka ya 1960. Mahali ilipokuwa hapa kwetu pamesimama Askari wa shaba tangu 1927, yule aliyeelekeza singe yake bandarini, ambaye sote tumepita mbele yake tukienda Posta. Nimewahi kusimama pale nikijaribu kufikiria uso wa mtu aliyeketi na wana wa bangi. Machinga mmoja akaniuliza kama nimepotea.

*

Bangi haikukatazwa kwanza hapa. Mwaka 1923 Afrika Kusini iliuomba Umoja wa Mataifa wa wakati ule, ule wa Geneva, uihesabu bangi pamoja na afyuni. Kwenye mkutano uliofuata mjumbe wa Misri, Mohamed El Guindy, alisimama na kulisukuma jambo hilo kwa nguvu, na Mkataba wa Geneva wa Februari 1925 ukaitaja katani ya Kihindi kwa mara ya kwanza. India ilisita, kwa kuwa tume ya serikali yake ya 1893 na 1894 ilikuwa imeshachunguza na kusema matumizi ya kiasi hayana madhara makubwa. Haikusaidia sana.

Tanganyika wakati huo haikuwa koloni la kawaida. Ilikuwa nchi ya udhamini, na Uingereza ilitoa ripoti kila mwaka kwa kamisheni iliyoketi Geneva, mji uleule. Siwezi kuzisoma ripoti hizo bila kuona mwandishi wake akitazama nyuma ya bega: barabara zinajengwa, shule zinafunguliwa, dawa za hatari zinadhibitiwa. Mmea uliokuwa mbele ya nyumba ukawa sentensi katika ripoti ya mtu mwingine.

Hata hivyo kuna katani iliyopendwa. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida kupitia Hamburg. Iliyofika hai ni 62 tu, na kutokana na hiyo 62 ndipo yakatoka mashamba ya Tanga na Morogoro yaliyolisha hazina ya serikali mbili za kikoloni na moja ya uhuru. Wajerumani waliuita mkonge kwa jina la katani. Sisi nasi hadi leo tunaita nyuzi zake katani, neno ambalo kamusi zinalitumia pia kwa ndugu halisi wa bangi. Kwa hiyo nchi hii ilijengwa kwa katani moja na kufunga watu kwa nyingine. Mzaha huu niliusema kwenye semina ya idara, hakucheka mtu.

Mkataba mkuu wa dunia wa dawa za kulevya ulitiwa saini New York Machi 1961, Tanganyika ikapata uhuru Desemba mwaka huohuo, na serikali mpya haikuwa na sababu ya kulegeza kamba. Bangi ilishakuwa na mtu wake: mhuni. Mhuni hana kazi, anakaa kijiweni, anavuta. Nimekua nikiambiwa mwisho wake ni Mirembe, na ninajua angalau familia moja ambayo kwao maneno hayo si utani, kwa hiyo asinisome mtu kana kwamba naupigia mmea debe. Ninachosema ni kwamba mhuni na bangi vilishonwa pamoja. Mwaka 1983 ilipopitishwa Sheria ya Nguvu Kazi, vijana wasio na vitambulisho vya kazi walikamatwa mitaani Dar es Salaam na kupakiwa kwenye malori kupelekwa mashambani. Wazee wa Tandika niliowahoji bado wanaonyesha kona walizokimbilia.

Bangi yenyewe ilipanda milimani. Sheria ya 1995 na kisha ile ya 2015 zilikaza adhabu. Kulima sasa kunaweza kumfikisha mtu miaka 30 jela. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, iliyoanza kazi 2017, inatutumia picha za mashamba yanayofyekwa na kuchomwa Arumeru, bonde la mto Mara, milima ya Morogoro. Mmea umekwenda mbali na nyumba, kwenye miteremko ambako gari halifiki, na unarudi mjini ndani ya magunia usiku.

Mpaka hapo hakuna kabati.

*

Kabati lilianza Paris, katika maabara, na mtu aliyelianzisha hakutaka kuvuta chochote. Julien Tournois alikuwa mtaalamu wa mimea. Kati ya 1910 na 1914 alikuwa akichunguza mimea miwili ya ukoo mmoja, bangi na jamii ya mmea unaotumika kutengenezea bia. Aliona kwamba miche iliyopandwa majira ya baridi ndani ya nyumba ya vioo ilitoa maua mapema kupita kiasi, ingali midogo. Akaanza kuifunika, akiipunguzia saa za mwanga, na matokeo yakawa yaleyale. Mwaka 1914 aliandika kwamba huenda siri ni urefu wa usiku. Mwaka huohuo akaenda vitani akafa.

Wamarekani wawili, Garner na Allard wa Wizara ya Kilimo, walifika hapohapo kwa njia ya tumbaku na soya. Mwaka 1918 walijenga kibanda kidogo kisicho na dirisha, wakawa wanaiingiza mimea gizani alasiri na kuitoa asubuhi. Walichapisha matokeo 1920. Naomba msomaji akione kibanda hicho kwa sekunde moja: chumba kilichofungwa, mmea ndani, mtu nje ameshika saa. Kabati la jirani yangu lilikuwa mjukuu wake.

Lakini miaka mingi hakuna mkulima wa bangi aliyelihitaji. Mtu anapanda porini, kuna shida gani? Shida ilikuja na helikopta. Mwaka 1983 California ilianzisha kampeni ya kusaka mashamba ya bangi kwa ndege, hasa kwenye misitu ya kaskazini mwa jimbo. Angalia mwaka huo vizuri. Mwaka uleule ambao Dar es Salaam ilikuwa inawatoa vijana vyumbani na kuwapeleka mashambani, California ilikuwa inaufukuza mmea shambani, nao ukaingia vyumbani. Wakulima wakashuka kwenye vyumba vya chini ya nyumba, wakachukua taa za sodiamu, zile za manjano zilizobuniwa miaka ya 1960 kwa ajili ya barabara, wakaziweka juu ya miche. Serikali ikawafuata na huko: Oktoba 1989 polisi wa dawa za kulevya wa Marekani walivamia maduka ya vifaa vya bustani katika majimbo 46 na kuchukua orodha za wateja. Wengine, na mbegu zao, walishahamia Uholanzi, ambako sheria ya 1976 ilikuwa imelegezwa.

Hewa ndipo ilipokuwa jambo kubwa. Taa zile ni tanuri. Ukiufungia mmea kwenye sanduku pamoja na taa, unaiva kama mchicha, na jasho lake linageuka ukungu. Lazima hewa ya moto itoke. Lakini hewa ikitoka inatoka na harufu, na harufu ina masikio ya jirani. Ndiyo maana wakaazima mkaa ulioamilishwa, uleule uliotiwa kwenye barakoa za askari wa Vita ya Kwanza ya Dunia dhidi ya gesi ya sumu. Huo si mkaa wa Tandika. Unatengenezwa kwa joto kali na mvuke mpaka ujae vijitundu visivyoonekana. Soksi ya jirani yangu haikuwa na tumaini tangu siku ya kwanza, na nilipokuja kulijua hilo ilikuwa imeshachelewa kumwambia.

Joto nalo lilikuwa na macho yake. Januari 1992, maofisa wa Marekani walikaa ndani ya gari usiku mbele ya nyumba ya Danny Kyllo, mjini Florence, Oregon, wakaimulika kwa kifaa kinachoona joto. Paa la gereji na ukuta mmoja vilikuwa na moto kuliko nyumba za jirani. Walipopata hati wakaingia, wakakuta zaidi ya miche 100. Kesi ilikwenda hadi Mahakama Kuu ya nchi hiyo, na Juni 2001 majaji 5 dhidi ya 4 wakaamua kwamba kupima joto la nyumba ya mtu kwa kifaa kama hicho bila hati ni upekuzi usio halali. Wakasema, kwa maana, kwamba kinachotokea ndani ya kuta za nyumba ni cha mwenye nyumba, hata kama kinavuja kwa njia ya joto.

Nilipoisoma hukumu hiyo niliinua macho nikatazama ukuta wangu.

*

Nyumba tuliyopanga ni ile ambayo kila mtu wa Dar es Salaam anaijua hata kwa macho yaliyofumbwa: korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uani nyuma kuna jiko, choo na kamba za nguo. Baada ya Vita ya Pili serikali ya Waingereza ilipima viwanja na kujenga maeneo ya Waafrika Ilala, Temeke na Magomeni, na nyaraka za maofisa wa afya zimejaa madirisha. Dirisha liwe na ukubwa gani kulingana na sakafu. Watu wangapi walale chumba kimoja. Waliogopa kifua kikuu na tauni, na waliamini, si bila sababu, kwamba hewa iliyosimama inaua. Ofisa mwenyewe alikwenda kulala Oysterbay ambako upepo wa bahari ni wa bure.

Mafundi wa Uswahilini walikuwa na jibu lao la zamani kuliko la ofisa. Kuta za ndani hazifiki kwenye bati. Chumba hakina dari; juu ni wazi kutoka mwisho mmoja wa nyumba hadi mwingine, na hewa ya moto inapanda, inasafiri juu ya vichwa vya wapangaji wote, inatokea kwenye matundu ya kibla. Ni akili kubwa. Feni ya jirani yangu ndani ya kabati ilikuwa inafanya kitu hichohicho kwa umeme wa kuchangia. Ila hewa haisafiri peke yake. Katika nyumba hiyo najua nani anakoroma, nani anaomba usiku wa manane, nani ameachwa. Mama wa chumba cha kwanza akikaanga samaki, sote tumekula.

Mwaka 2018 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini, nchi ileile iliyopeleka ombi Geneva mwaka 1923, iliamua kwamba mtu mzima anaweza kulima na kutumia bangi yake mahali pa faragha. Watu wa rika langu walishangilia mitandaoni. Mimi nilikwama kwenye neno faragha. Kabati linahitaji mwanga, hewa na mlango. Mwanga tunao: Dar es Salaam tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi ya mwaka haifiki saa moja, mchana na usiku vinagawana karibu sawa, na hizo saa 12 kwa 12 ndizo Mholanzi anazilipia bili kuziiga, kwa sababu kwake Juni jua linakaa zaidi ya saa 16. Kabati la Ulaya ni anga la Temeke lililotengenezwa kwa balbu. Hewa tunayo, hata ya wenzetu. Kitu ambacho jirani yangu alikuwa anajaribu kukijenga kwa plaiwudi yangu, karatasi za fedha na soksi, kilikuwa mlango. Na mlango wa kweli, unaozuia joto na harufu na sauti, katika nyumba ile hakuna mpangaji aliyewahi kuwa nao.

*

Walikuja alfajiri ya Novemba, wanne, na mzee mjumbe akiwa mbele kwa sababu utaratibu unamtaka awepo. Hatukuambiwa nani alisema. Harufu ilishakuwa juu ya kuta zote, na kwa wiki mbili kila mtu aliwasha udi akisingizia mbu.

Walitutoa wote uani. Jirani alikaa chini, mikono kichwani, fulana ya ndani tu. Miche ilitolewa ndoo kwa ndoo. Ilikuwa imenyauka nusu kwa mgao, moja haikufika hata gotini. Kisha wakalitoa kabati, na ubao wa nyuma ukakwangua ukuta wa korido.

Mjumbe alinigeukia. Ni mtu wa heshima, aliwahi kunisaidia kupata wazee wa kuwahoji.

"Mwanangu, hili kabati si lile lililokuwa kwako?"

"Shikamoo mzee," nikasema, ingawa nilishamwamkia.

"Marahaba. Ni lako?"

"Si langu."

Ulikuwa ukweli. Nilishauza, nilishalipwa. Afande akaniuliza kama niliwahi kuingia chumba kile, nikasema hapana. Huo haukuwa ukweli. Feni yangu ya kuchaji ilikuwa bado humo ndani, juu ya kitanda chake, na jirani aliinua uso akanitazama, akautazama tena mchanga. Afande alipomuuliza feni ni ya nani akasema ni yake.

Kesi ilipotajwa mara ya kwanza nilikuwa na semina. Mara ya pili nilikuwa na homa, au nilijiambia hivyo. Binti wa pasi ndiye aliyekwenda, na ndiye aliyetuletea habari kwamba amekonda na kwamba mahabusu analalamikia hewa tu. Wamejaa, hakuna pa kugeukia.

Januari mama yake alikuja kutoka Morogoro kuchukua vitu, maana bibi mwenye nyumba alitaka chumba chake. Alikuwa mfupi, mpole, amejifunga kanga mbili. Nilimsaidia kukunja godoro na kuweka sufuria kwenye ndoo. Hakuniuliza kilichotokea. Tulipotoka uani, kabati lilikuwa limeegemea ukuta wa choo. Polisi walichukua miche, balbu na feni ndogo, mbao waliziacha.

"Na hili je, ni lake?"

"Ni lake, mama."

Alilizunguka, akapitisha kidole kwenye tundu la duara pale juu. "Bajaji haitalibeba," akasema. "Basi kaa nalo wewe mwanangu. Umetusaidia sana."

Liko chumbani kwangu sasa, mahali pake pa zamani, kati ya meza na ukuta. Karatasi za fedha nilizibandua zote isipokuwa kipande kimoja kwenye kona ambacho gundi yake haitoki. Bawaba bado imelegea. Masika yamepita, na nguo zangu hazikunuka uvundo.